Kura Iliniweka Usoni mwa Upepo

Peterborough, Uingereza
Aprili

Ndugu yangu wa tangu Nansio, kisiwani Ukerewe,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote. Sisi huku hatujambo, ila moyo wangu una uzito tangu Jumapili. Uliniomba nikuandikie mashindano ya kuvua yalivyokwenda. Yalikwenda vibaya, na nakueleza kwa kirefu kwa kuwa wewe unajua upepo ukikaa vibaya juu ya maji unamfanya nini mvuvi.

Mwezi huu mito ya huku haivuliwi. Kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni, samaki wa mito ya Uingereza wanaachwa watage kwa amani, na katazo hilo ni la zamani, sheria yake ya kwanza ni ya 1878. Maziwa mengi hayamo katika katazo, kwa hiyo sote tunahamia huko. Bonde la mto Nene limejaa maziwa kuanzia Northampton hadi huku kwetu: ni mashimo yaliyochimbwa kokoto, yakajaa maji. Letu ni mojawapo, pana na wazi. Mashariki ya mji huu nchi ni tambarare mpaka baharini, hakuna kilima cha kuukata upepo. Na Jumapili upepo ulitoka huko huko mashariki, baridi na mkali, tangu alfajiri.

Mashindano yenyewe huanza kwa kura. Unatia mkono katika mfuko wa kura, unatoa namba, na namba hiyo ndiyo sehemu yako ukingoni. Filimbi ikilia saa nne asubuhi unatupa ndoano. Ikilia tena saa tisa alasiri unatoa. Katikati hapo huruhusiwi kuhama hata hatua chache.

Hapo ndipo panaponiuma, ndugu yangu. Sisi tumelelewa tukijua kwamba mvuvi ni mtu wa kuhama. Upepo ukigeuka unazunguka kisiwa, unatafuta upande uliokingwa. Ziwa likichafuka sana unavuta mtumbwi mchangani, unasubiri kesho. Huku ujuzi huo wote unafungwa kwa kipande cha karatasi. Nimeikubali kanuni hiyo kwa sababu naona maana yake: inakupima utafanya nini mahali ulipowekwa. Lakini Jumapili ilinielemea.

Kura yangu ilinipeleka ukingo wa magharibi, uso kwa uso na mawimbi. Nilikuwa nimejiandaa kwa brimu, samaki mpana, bapa, mwenye utelezi mwingi, anayetembea kwa makundi na kula chini. Ukilipata kundi lake na kulilisha taratibu, siku yako imekwisha vizuri. Usiku nilikuwa nimechekecha funza, nikachanganya chenga za mkate na kukata minyoo. Mpango ulikuwa kutupa mbali, kwa kikapu kidogo cha waya kinachobeba chambo mpaka chini, halafu kuitazama ncha ya fimbo. Samaki akigusa, ncha inatikisika. Sasa fikiria upepo unaitikisa ncha hiyo bila kupumzika na kuupinda mshipi wote ulio juu ya maji. Ningejuaje lipi la samaki na lipi la upepo? Nilivuta mara nyingi, nikakuta funza wamenyonywa na kubaki ngozi tupu. Brimu walikuwapo, nina hakika. Walikula na kuondoka bila mimi kuwaona.

Nikaichukua fimbo ndefu, ile ya kaboni ya mita 13, isiyo na kibiringo cha kukunjia mshipi, mshipi wake umefungwa nchani. Upepo uliikamata kama tanga. Mikono ilianza kuniuma, nikaipunguza hadi vipande vichache na kuvua karibu na miguu yangu. Na hapo kukawa na tabu nyingine unayoifahamu: maji ya juu yanasukumwa hadi ukingoni, kisha yanarudi kwa chini. Kiboya changu kilikuja kwangu, chambo kikavutwa kwenda ziwani. Rochi, wale wa rangi ya fedha wenye mapezi mekundu, hawapendi funza anayekwenda mwendo wa namna hiyo. Walionihurumia ni pechi wadogo wenye mistari myeusi, walafi, wanaojificha kwenye mawe ya ukingoni. Nilimshukuru kila mmoja wao kwa moyo wote.

Saa saba mchana jirani yangu wa kushoto alifunga vitu vyake. Ni mzee, anavua maji haya tangu ujana wake. Alinipa mkono, akaondoka, na baada yake wengine kadhaa wa ukingo wetu wakamfuata. Mimi nilibaki. Nilitaka wale pechi wapimwe.

Shemeji aliwahi kuniuliza kwa nini tunawarudisha samaki majini, na alikasirika nilipomjibu. Mwambie bado tunawarudisha. Wanakaa katika wavu mrefu ndani ya maji, wanapimwa kwenye mizani, kisha wanaachiwa wakiwa hai, na ndoano zetu hazina miba ili zisiwachane midomo. Natamani sana siku moja asimame nami wavu ukiinamishwa, aone wanavyotoka mmoja mmoja.

Mizani ilipofika kwangu haikufikisha nusu kilo. Mshindi alikuwa ukingo wa mashariki, chini ya ukuta wa udongo wenye miti, ambako maji yalikuwa yametulia kabisa; alileta brimu ambao kwa jumla walizidi kilo 15. Ni mvuvi hodari na simwonei wivu. Lakini wote waliofuata nyuma yake walitoka upande huo huo. Mashindano mengi huku hugawa ukingo katika makundi ya majirani, na kila kundi lina mshindi wake na fungu lake la fedha, ili aliyepigwa na upepo ashindane na mwenzake aliyepigwa na upepo ule ule. Jumapili waandaaji walisema kwamba sisi ni wachache, tusigawane. Nililalamika, kwa adabu lakini waziwazi, na nitalalamika tena. Watu hawatoki kitandani gizani, wakalipa kiingilio na kununua chambo, ili matokeo yao yawe yamekwisha kuamuliwa kwenye mfuko wa kura. Wale waliofunga mapema wangebaki kama wangekuwa na kitu cha kupigania.

Sasa nina ombi. Mzee wako alikuwa akivua kwa mshipi wa mkono hata ziwa likiwa limechafuka, na chambo chake kilikaa palepale. Nakumbuka alifunga chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, chini kabisa, ndoano ikawa juu yake, ila sikumbuki aliacha nafasi kiasi gani kati ya hivyo viwili, wala kama aliulegeza mshipi au aliukaza. Muulizie, tafadhali, na akiweza achore kwenye karatasi, wewe unipigie picha. Nijibu kabla ya katikati ya mwezi wa tano, maana tunarudi ziwa lile lile.

Mpe mzee shikamoo yangu.

Ni mimi ndugu yako.