Kwako uliyeniletea hotpoti Jumamosi ile

Mdogo wangu,

Mama ananiambia umepata nyumba huko Nakuru, Section 58, na mwili umeongezeka. Nimefurahi. Ningefurahi zaidi kuyasikia kwako, lakini simu zangu hushiki tangu kabla ya harusi. Kiti chako tulikiacha wazi mpaka keki ikakatwa.

Ile Jumamosi naikumbuka kuliko harusi yenyewe. Ulipanda matatu kutoka Kondele na hotpoti ya omena, ukafika maabara nikiwa chumba cha pili nachukua glavu. Kurudi, barafu umeshaimwaga kwenye sinki, vichupa vyangu umevipanga mezani kama mama wa Kibuye anavyopanga nyanya, kimoja umekifungua unakinusa.

"Dada, si haya ni maji tu?"

Miezi minne ya kazi. Maji tu!

Nilikueleza mara ngapi? Vidole vya binadamu, hata vikinawa, vina kimeng'enya kinachokatakata RNA, ule uzi mwembamba ambao seli huunakili kutoka kwenye jeni, na ndio uliokuwa ndani ya vichupa. Ukikichemsha kinafumuka, kikipoa kinajikunja upya na kurudi kazini. Glavu si maringo. Na ile yangu ilikuwa riboswichi, kipande cha RNA kinachoinasa vitamini B1 katika umbo lake la ndani ya seli. Bakteria akishiba vitamini hiyo, RNA inabadilisha mkunjo na jeni inafungwa, bila protini yoyote kuja kuitambua. Kikundi cha Ronald Breaker pale Yale kilionyesha hivyo mwaka 2002. Mimi nilitaka kulinganisha inavyojikunja kwenye kichupa na inavyojikunja ndani ya seli, ambamo mwanzo wake huanza kujikunja mwisho ukiwa bado haujaandikwa.

Nilikufokea mpaka askari wa geti akaja. Nikakwambia unanuka samaki. Hilo Mama halijui. Umebeba omena, ungenuka nini?

Sasa umekuwa mtu mzima, acha nikushauri: mtu wako akikukasirikia, usihame mji. Kaa umsikilize. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Juni, na msimamizi hakutaka kusikia habari za hotpoti. Karo yako ya fomu tatu na nne ilitoka kwenye mshahara huohuo. Nilikuwa na haki ya kukasirika, ama sivyo?

Thomas Cech na wenzake kule Colorado walikuta RNA ya Tetrahymena, kijidudu cha seli moja cha madimbwini, inajikata na kujiunga yenyewe. Wao pia walishuku uchafu kwanza, kwamba kuna protini imeng'ang'ania humo. Wakaitengeneza RNA ileile upya, nje kabisa ya kijidudu hicho, ikajikata vilevile. Hiyo ni 1982. Mwaka 1989 yeye na Sidney Altman wakapewa Nobeli.

Mimi sikurudia chochote. Nilishakupata wewe.

Wiki tatu baadaye nikafungua daftari. Alhamisi, siku niliyoikunja ile RNA na kuitia dawa ya kupimia, mstari wa magnesiamu hauna tiki. Bila magnesiamu haikunjiki sawasawa. Hata ungevaa glavu mbilimbili, vichupa vile havikuwa na jibu ndani. Ulikuwa umeshahama.

Lakini kifuniko ulikifungua, hilo usilikatae. Na ile omena niliila yote usiku uleule, nimesimama, imepoa.