Msizifukuze nyanya za asili kwenye mvua

Mhariri,

Ukurasa wenu wa kilimo umewashauri wenye bustani kwenye maeneo ya mvua nyingi waachane na nyanya za asili, yaani aina za zamani ambazo mbegu zake hutunzwa na kurithishwa, wanunue chotara, mbegu za kuchanganya aina mbili, na kuzifunika kwa nailoni. Naomba nafasi nipinge nusu ya ushauri huo. Mimi napanda nyanya za asili, nje, bila paa, mahali ambapo majani hukauka saa sita mchana yakalowa tena alasiri.

Nusu ninayoikubali ni hofu ya bakajani chelewa. Ugonjwa huu ndio ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na nyanya na viazi ni ukoo mmoja. Kimelea chake, Phytophthora infestans, watu hukiita ukungu, ingawa kwa nasaba kipo karibu zaidi na mwani. Kinahitaji maji juu ya jani ili kiote, na hupenda ubaridi wa wastani. Jani likishinda na kulala limelowa, siku chache baadaye utaona doa kama limemwagiwa maji ya moto, kisha jeusi. Shina linashika mabaka ya kahawia, tunda bichi linapata baka gumu la kahawia, na bustani nzima inaweza kuisha ndani ya wiki mbili. Aliyewahi kuishuhudia bustani hiyo hahitaji kuelezwa.

Lakini makala yenu ilizitaja nyanya za asili kana kwamba zote ni moja. Brandywine, ambayo tunda lake moja huweza kuvuka nusu kilo, huchukua siku 80 na zaidi tangu kupandikizwa hadi kuiva. Kwenye mvua, muda huo ni mrefu mno, na simlaumu anayeiacha. Stupice, mbegu ya zamani kutoka iliyokuwa Czechoslovakia, ina matunda madogo na huanza kuiva karibu na siku ya 60. Matt's Wild Cherry, yenye asili ya Mexico, huzaa vitunda vidogo sana na inasifika kwa kustahimili bakajani chelewa. Isitoshe, jeni zinazoitwa Ph-2 na Ph-3, ambazo wataalamu wameziingiza kwenye chotara nyingi zenye ukinzani, zilitoka kwa nyanya-mwitu ya vitunda vidogo, Solanum pimpinellifolium. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuza mbegu ni ukubwa wa tunda na siku za kuiva, kabla ya kuuliza kama ni ya asili au chotara.

Jambo la pili ni upepo. Nafasi kati ya mche na mche naiacha kubwa kuliko inavyoandikwa kwenye pakiti, kila mche una mti wake wa kuegemea, na machipukizi ya kwapani, yanayoota kati ya shina na jani, nayatoa yakiwa bado madogo. Majani yote ya chini, hadi kishada cha kwanza, nayaondoa siku ya jua, kamwe si siku ya mvua. Matandazo mazito ya nyasi kavu yanazuia matope kurukia majani. Hapa niseme wazi, kwa sababu wengi huchanganya: matandazo yanasaidia dhidi ya bakajani tangulia na madoa mengine yanayopanda kutoka ardhini. Bakajani chelewa huja na hewa, mara nyingi kutoka kwenye viazi vya jirani au vilivyojiotea vyenyewe, na nyasi hazizuii hewa. Viazi hivyo ving'olewe. Dawa ya shaba nayo ni kinga tu. Ikipigwa baada ya doa kuonekana, jani lile halirudi.

Matunda nayachuma yakianza tu kugeuka rangi. Tunda likiachwa mtini liive kabisa, mvua moja kubwa baada ya siku kavu inalipasua, na ufa ni mlango wa kuoza. Likichumwa mapema hivyo linamalizia kuiva ndani ya nyumba, na ladha inabaki nzuri.

Na ladha ndiyo inayonifanya niandike. Nyanya nyingi za zamani zina mabega ya kijani kibichi kabla ya kuiva. Wazalishaji wa mbegu waliyaondoa kwa miaka mingi ili tunda liive rangi moja na kupendeza sokoni. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba jeni iliyofanya kazi hiyo ndiyo pia iliyopunguza sukari ndani ya tunda. Mwenye bustani ya kula nyumbani haoni faida yoyote ya kupoteza ladha ili apate rangi.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba makala haikusema neno hata moja juu ya kutunza mbegu. Ukipanda tena mbegu ulizotoa kwenye chotara, miche yake hutofautiana na mama yao. Nyanya ya asili kwa kawaida hujichavusha yenyewe na kubaki ilivyo, kwa hiyo kila msimu wa mvua unaweza kuchukua mbegu kwa mche uliokaa na majani mabichi muda mrefu kuliko wenzake. Mbegu ziloweke na ute wake siku mbili tatu, zioshe, zianike kivulini hadi zikauke kabisa. Kama mche mama uliotoa mbegu una majani mapana kama ya kiazi, kagua miche kitaluni: mche wenye majani ya kawaida umeshachanganyika na aina nyingine, utoe.

Naomba, Mhariri, makala ijayo itenge nafasi kwa wasomaji wanaotunza mbegu zao wenyewe kwenye mvua. Waandike aina, siku ilizochukua kuiva, na mche upi ulidumu. Zangu nimeshaziandika, niko tayari kuzituma.

Msomaji wenu,
Mkulima wa bustani