Usimwambie babako ajikaze

Mwanangu Salim,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Nimesikia likizo yako imekubaliwa na Ijumaa utakuwa Tanga. Nimefurahi sana, lakini kuna neno nataka likufikie kabla hujapanda basi huko Arusha: usimwambie babako ajikaze.

Juzi alipolalamika uchovu, ulimwambia hivyo kwenye simu. Akanirudishia simu, akajilaza na viatu. Najua una huruma, na hela ya dawa hujawahi kuichelewesha, Mungu akuzidishie. Ila neno lile lilimwingia.

Uchovu ule si uvivu, wala si usingizi. Analala usiku kucha na bado anaamka hoi, kama mtu aliyepakua meli bandarini. Daktari amenieleza kuwa ugonjwa wa Parkinson unaua chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kujongea, na uchovu huu huwapata karibu nusu ya wagonjwa. Tena unaweza kutangulia miaka kadhaa kabla mkono haujaanza kutetemeka. Alipoacha kwenda barazani watu walisema amekata tamaa, na wewe ukasema. Kumbe ugonjwa ulishaingia.

Ile dawa yake, levodopa, inatuliza mkono na kulegeza miguu, lakini uchovu hauondoki wote. Anaimeza nusu saa kabla ya kula, kwani samaki, nyama na maharage huizuia isiingie vizuri mwilini. Basi mishikaki yako isubiri. Na akisema leo simezi, usimkubalie. Kuikata ghafla ni hatari.

Asubuhi, dawa ikishashika, tembea naye taratibu kuelekea Raskazone. Kutembea kunamfaa. Akisema turudi, rudini. Usibishane naye, na hilo neno la kujikaza lisikutoke kabisa. La kiwanja cha Mwambani mzungumze wakati huohuo wa asubuhi. Jioni sauti inafifia na uso unakauka, utadhani amekununia.

Mpangaji wa chumba cha uani amehama, utalala humo, godoro nimeshalianika. Bati la jikoni linavuja, utapanda wewe. Babako mpe misumari akushikie, asikae kando kama mgeni. Basi likisimama Mombo nunua vitunguu na kabichi, huku vimepanda bei.

Mama yako