Tangazo la usaili liseme na nguo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niwaombe wanaoandika matangazo ya kuitwa kwenye usaili, hasa wa kazi za kufundisha vyuo vikuu, waongeze mstari mmoja kuhusu mavazi. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira, ile inayosimamia ajira za utumishi wa umma, hueleza mambo mengi na huyaeleza vizuri: msailiwa aje na kitambulisho, aje na vyeti halisi, karatasi ya matokeo ya muda haipokelewi, na kila mmoja ajigharamie usafiri, chakula na malazi. Lakini kuhusu nguo, matangazo ambayo wateja wangu hunionyesha kwenye simu hayasemi kitu. Ukimya huo unawagharimu vijana fedha nyingi, na mimi naziona zikiwatoka.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma. Usaili ukiitishwa, jioni ya kuamkia siku yenyewe kibanda changu hakina pa kuweka mguu. Wengine wameshuka stendi ya Nanenane kutoka Kigoma, Mbeya na Bukoba, wengine wamekuja na treni ya umeme kutoka Dar es Salaam. Wengi wao wameomba TA (Tutorial Assistant), ile ngazi ya kwanza ya kufundisha chuo kikuu, ambayo kwa kawaida mtu haingii bila GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.8 ya shahada ya kwanza. Hawa ni watoto waliosoma kwelikweli. Wamekopa nauli, wamelipia gesti, na juu ya hapo wamebeba suti. Ya kaka, ya mjomba, ya mchungaji, au mpya ya dukani iliyonunuliwa kwa fedha ambayo ingewalisha mwezi mzima. Karibu zote nyeusi. Ukiwauliza kwa nini suti, jibu ni lile lile: "Wote wanasema lazima suti."

Alikuja kijana mmoja wa hisabati, mrefu, mwembamba, na koti aliloazima kwa binamu yake. Bega la koti lilishuka vidole viwili chini ya bega lake, mikono ilimfika kwenye vifundo vya vidole. Suruali ilikusanyika juu ya viatu kama pazia refu kuliko dirisha. Aliniomba nikunje mikono tu. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu inua mkono kama unaandika ubaoni." Akainua. Koti zima likapanda naye hadi masikioni, shati likachomoka kwenye mkanda, na bitana ya kwapani ikalia kra, ikaachia mshono.

Usaili wa kazi ya ofisini mtu hukaa kitini akajibu maswali. Anayetaka kufundisha chuo anaweza kusimamishwa mbele ya jopo aeleze somo, aandike, ageuke, aonyeshe kwenye ukuta. Nguo yake ni lazima ifanye kazi hiyo pamoja naye. Ndiyo maana kila anayejaribu nguo kwangu, mwanamume au mwanamke, namwinulisha mkono kwanza, halafu namkalisha, halafu namwambia aokote chaki sakafuni. Kama kitu kimechomoka, kimebana au kimefunua, nguo hiyo haijawa tayari, hata iwe ya bei gani.

Yule kijana nilimshauri aliache koti gesti. Nikampunguza shati mbavuni, nikakunja suruali ikagusa kiatu mara moja tu mbele, nikamsogezea kifungo cha shingo ili tai ikae bila kumnyonga. Nikamtoza shilingi 7,000. "Mama, nitaonekana sijajiandaa," akaniambia, na nilimwona ana hofu ya kweli. Sikumlaumu. Amefundishwa kuogopa jambo ambalo hakuna mtu aliyemwandikia.

Nawaeleza vijana wote watakaosoma barua hii jinsi fundi anavyoliona koti. Urefu wa mikono naubadili kwa saa moja. Kiuno naweza kukiingiza au kukitoa kama kuna akiba ya kitambaa kwenye mshono. Bega ni habari nyingine. Kupunguza bega ni kufumua mkono mzima, kutoa pedi, kukata upya na kurudisha, na ukikosea kidogo tu koti linakunjamana mgongoni milele. Kwa hiyo ukienda kuchagua mitumba, iwe Karume pale Dar es Salaam au Memorial ya Moshi, anza na bega. Mshono wa bega ukikaa pale mfupa wako unapoishia, mengine fundi atayamaliza. Usipokaa hapo, liache, hata kama kitambaa kinang'aa na muuzaji anaapa. Mtumba uliokutosha begani, ukafuliwa na kupigwa pasi vizuri, unapita suti mpya ya dukani inayokuning'inia.

Na rangi. Nani aliyewaambia nyeusi ndiyo rangi ya usomi? Mji wetu una upepo, una vumbi jekundu, na kati ya Juni na Agosti upepo huo haupumziki. Ukitembea na suti nyeusi kutoka kituo cha daladala hadi ukumbi wa usaili unafika una mstari wa udongo kwenye pindo na mabegani. Ongeza chaki. Kijivu, bluu ya giza na kahawia vinavumilia. Kitambaa chenye pamba ndani yake kinavumilia kuliko tetroni tupu, ambayo humtoa mtu jasho hata kabla hajaulizwa swali la kwanza.

Kwa mabinti jambo ni zito zaidi. Swali ninaloulizwa na wasichana kuliko lolote ni hili: "Mama, suruali inaruhusiwa?" Siwashangai. Juni 2021, hapa hapa mjini kwetu, mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa ndani ya Bunge kwa sababu ya suruali aliyovaa. Nchi nzima iliiona. Binti aliyekuwa sekondari wakati ule leo ndiye anayekuja kwangu na shahada yake, na bado ana swali hilo kichwani. Basi ananunua sketi ya haraka, ya kubana, kwa kuwa ndiyo aliyoikuta dukani, na sketi ya kubana bila mpasuo wa nyuma haimruhusu hata kupanda ngazi za jukwaa. Suruali yake ya kitambaa, pana, yenye koti refu kidogo, ingemsitiri vizuri zaidi. Kwa maoni yangu suruali ya aina hiyo ni vazi la kazi lenye heshima na jopo liseme wazi kwamba linaikubali. Anayevaa hijabu aambiwe wazi kwamba yuko sawa. Kijana wa Zanzibar au Tanga anayetaka kuingia na kanzu, koti na kofia yake naye aambiwe, maana kwao hilo ndilo vazi la mtu anayejiheshimu.

Mteja wangu mmoja alirudi kutoka usaili wa chuo fulani machozi yakimlengalenga. Alivaa shati la kitenge, jipya, limeshonwa vizuri na fundi wa kwao. Mjumbe mmoja akamwuliza mbele ya wenzake kama amekuja usaili au harusini. Hakuulizwa tena kwa utulivu baada ya hapo, na yeye mwenyewe alishindwa kujibu alichokijua. Nilikasirika na bado nina hasira. Kama kitenge hakikubaliki, kiandikwe. Kama kinakubalika, wajumbe wakumbushwe kabla ya kukaa. Kumpima mtu kwa kanuni ambayo hakupewa ni kumwonea.

Sisemi kila mtu avae apendavyo. Mimi ni fundi, naipenda nguo nadhifu, na ninaumia nikiona inavyoachwa mara tu barua ya ajira inapopatikana. Wapo niliowashonea usaili, nikawakuta baada ya miezi wakienda kufundisha na jinzi iliyopauka magotini na tisheti yenye maandishi kifuani. TA ana miaka 24 au 25. Anaingia ukumbi wenye wanafunzi mamia, wengine wamemzidi umri, na hana kitu kinachomtofautisha nao. Halafu analalamika kwamba wanaongea anapofundisha. Watumishi wa umma wanao waraka wa mavazi, unaokataza nguo za kubana, fupi na zinazoonyesha mwili. Mwombeni ofisa utumishi nakala, usomeni. Hauhitaji mshahara mkubwa kuutimiza.

Ninaye mteja, mhadhiri, mama mtu mzima, ambaye miaka yote nimemshonea kwa utaratibu mmoja. Kila Januari analeta vitambaa vya nguo nne: sketi mbili, suruali moja, koti moja, vyote vya rangi zinazokubaliana, ili chochote kivaliwe na chochote. Blauzi ananunua mtumba. Ijumaa anavaa kitenge. Sketi zake zote nampa mfuko wa pembeni kwa ajili ya chaki, funguo na kile kidude cha kuhamisha picha ukutani, na pindo naliachia akiba ya vidole vitatu. Sijawahi kumwona na nguo ya gharama na sijawahi kumwona hovyo. Wanafunzi wake wakija kwangu huniambia, "Nishonee kama ya Dokta." Vijana wanaoanza kazi wangefuata njia hiyo, mshahara wa kwanza usingeishia kwenye suti tatu zinazofanana.

Nawaomba basi Sekretarieti ya Ajira, na vyuo vinavyoendesha usaili wenyewe, tangazo lijalo liwe na maneno kama haya: "Msailiwa avae nguo safi, ya heshima, inayomtosha na inayomruhusu kusimama na kuandika. Suti si lazima. Suruali ya kitambaa kwa wanawake, hijabu, kanzu na nguo ya kitenge vinakubalika. Jinzi, tisheti, kaptula na nguo za kubana havikubaliki." Hata kama wao wana orodha tofauti na yangu, waiandike. Na itoke mapema pamoja na majina ya walioitwa, ili wa Kigoma akunjiwe suruali na fundi wa Kigoma, kwa bei ya kwao, kabla hajapanda basi.

Fundi cherehani,
Dodoma