Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Chama cha wapenzi wa bustani za burudani kinatarajiwa kuleta habari za kuchekesha tu, lakini mwaka huu tumeshika leso kuliko tiketi. Naomba nianze na matanga, harusi ije baadaye.

Tarehe 28 Februari Kingda Ka iliangushwa kwa baruti. Wengi mnaijua: rolakosta (treni ya burudani ya kupanda na kuporomoka kwa kasi) ya New Jersey, Marekani, yenye kimo cha mita 139, iliyorusha abiria hadi kilomita 206 kwa saa kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Tangu 2005 hadi inafungwa hakukuwa na iliyopanda juu kuliko hiyo duniani. Kubomolewa kwenyewe tungekuvumilia, maana chuma huchoka, na mashine ile ilikuwa mashuhuri kwa kuharibika. Kilichouma ni kwamba ilisimamishwa Novemba 2024 kabla wenyewe hawajatangaza kuwa hairudi, kwa hiyo waliopanda siku ya mwisho hawakujua kuwa wanaaga. Nimepekua hazina yetu ya kumbukumbu. Picha za mnara ukianguka zimejaa tele. Za kituo cha kupandia, za mtambo wa kurushia magari, za foleni yenyewe, karibu hakuna. Ilisimama pale miaka mingi, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshapiga.

Basi ilipotangazwa kwamba mto wa Rivers of America katika Magic Kingdom, bustani ya Disney kule Florida, utafungwa, kamati haikulala. Mto ule ulikuwepo tangu bustani ilipofunguliwa 1971, na kisiwa cha Tom Sawyer kikafuata 1973. Safari hii siku ya mwisho, 6 Julai, ilijulikana mapema. Tukagawana kazi ya kurekodi kisiwa hicho na Liberty Belle, meli iliyobeba wageni mtoni humo: huyu king'ora, yule gurudumu la nyuma, mwingine vibao vya kisiwani. Matokeo nayasema bila kuficha. Tumepokea saa nyingi za video za wanachama wakilia, na meli inaonekana kwa mbali, nyuma ya bega la mtu.

Meli ile ilistahili zaidi. Gurudumu lake lilizungushwa na mvuke wa kweli, lakini nahodha hakuwa na kona ya kukata, kwa sababu chombo kilifuata reli iliyozamishwa majini. Kweli na kiini macho vilipanda meli moja. Tena mto ule ulikuwa mahali ambapo mtu aliweza kukaa bila kufanyiwa onyesho. Pale litajengwa eneo la Cars, filamu za katuni za magari, na watoto watalipenda, sina shaka. Ila mzazi aliyebeba mtoto aliyepitiwa na usingizi saa nane mchana, sijui atakwenda kukaa wapi.

Sasa ugomvi. Disneyland ya California ilitimiza miaka 70 tarehe 17 Julai, na siku hiyo ikazindua roboti ya mwanzilishi wake, Walt Disney mwenyewe, katika jumba ambalo roboti ya Abraham Lincoln ilianza kuhutubia 1965. Kuna walioona ni heshima, kuna walioona ni kumsumbua marehemu, na mjukuu wake mmoja alishapinga hadharani. Wanachama wetu wamerushiana maneno hadi katibu akaniomba niingilie. Nilichogundua ni kwamba pande zote mbili zilitegemea kauli ileile ya Walt, kwamba Disneyland haitakamilika kamwe. Kwa maoni yangu, mtu aliyewafundisha ndege wa bandia kuimba mwaka 1963 asingechukia kugeuzwa roboti. Uso waliompa, hapo ndipo angeanza kulalamika. Kamati haina msimamo, na naomba mjadala huo usifufuliwe leo chini ya mengineyo.

Jambo moja tumeliamua: picha zenye mwanga wa flashi ndani ya michezo ya gizani hatupokei tena, hata ziwe nzuri vipi. Kule Haunted Mansion, jumba la mizimu la Disneyland lililofunguliwa 1969, mizimu inayocheza dansi ukumbini ni taswira tu juu ya kioo kikubwa. Sanamu zenyewe zimefichwa kando na kumulikwa kwa kipimo. Ni mbinu ya majukwaa ya karne ya 19. Flashi moja inaharibu kiini macho kwa kila aliyepo, na wewe unarudi nyumbani na picha ya kioo.

Harusi ilikuwa tarehe 22 Mei, kampuni ya Universal ilipofungua Epic Universe mjini Orlando, bustani yao kubwa ya kwanza pale tangu 1999 ukiacha ile ya maji. Kati ya maeneo yake matano, kijiji cha majitu ya sinema za zamani ndicho kilichowateka wanachama wengi. Lawama kuu ni uhaba wa kivuli. Wenye watoto wadogo walikumbana na vipimo vya kimo, na nikashangaa ni wangapi hawakujua utaratibu wa kupokezana: mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila kurudi mwisho wa foleni. Bustani nyingi kubwa zinao, ila lazima umwambie mhudumu mapema, mlangoni. Tumeuandikia mwongozo mfupi.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Hatudaiwi. Ada zinachelewa kama kawaida, na wanaochelewa ni walewale.

Nafasi ya mtunza kumbukumbu iko wazi. Anatakiwa mtu mvumilivu, asiye na machozi ya karibu. Na yeyote mwenye rekodi ya king'ora cha ile meli isiyo na kilio cha mtu ndani yake, hata ya sekunde kumi, amwone katibu kabla hatujafunga mkutano.