Programu tumeshapata, tunachangia mashine: harambee ya kitengo cha wasioona

Ndugu wazazi, walezi na nyote mliowahi kusoma hapa,

Kitabu kipya cha Jiografia kikifika shuleni, mwanafunzi anayeona anakifungua siku hiyohiyo. Asiyeona anasubiri mtu wa kumsomea, au nakala ya nukta nundu, ambayo ikija huwa imejaza rafu.

Njia ya kupunguza kusubiri huko ipo. Kitabu kinapigwa skana, programu inageuza picha ya ukurasa kuwa maandishi, kisha kisoma skrini kinayatamka. Mwaka juzi mfadhili alitununulia programu ya kulipia, na ilifanya kazi vizuri. Leseni ikaisha wiki chache kabla ya mtihani, programu ikanyamaza, na fedha ya kuihuisha hatukuwa nayo.

Safari hii tumewaachia wanafunzi wenyewe wachague. Walikaa Jumamosi nzima na kurasa tatu: hadithi ya Kiswahili, ukurasa wa Jiografia wenye safu mbili na ramani, na fotokopi ya mtihani wa zamani. Wamechagua NVDA, kisoma skrini kilichoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kisha James Teh akajiunga naye; wote wawili hawaoni. Kupiga skana watatumia NAPS2, yenye Tesseract ndani yake, yaani programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, inayotambua Kiswahili. Zote ni za bure, na zikishapakuliwa hazidai bando.

Tusiwafiche kasoro. Hadithi ilisomeka karibu yote, isipokuwa ng'ombe, aliyekuwa akigeuka "ngombe" kila alipotokea, darasa likacheka. Ukurasa wa safu mbili ulivurugika mpaka ulipolazwa sawasawa kwenye kioo. Ramani ilitoa herufi za ovyo, kwa hiyo mwalimu bado ataieleza kwa mdomo. Fotokopi ilishindikana kabisa. Sauti nayo ni ya kiroboti, lakini vijana wameshaiongeza kasi mpaka sisi tunaoona hatuambulii neno.

Wengine mmeuliza kwa nini tusitumie simu. Kwa barua au pakiti ya dawa inatosha. Kwa kitabu cha kurasa 200 mkono unachoka, na asiyeona hapati urahisi wa kujua kama ukurasa wote umeingia kwenye kamera. Skana ya kioo ina kona, unaipapasa na kuegesha kitabu hapo.

Tunahitaji kompyuta mpakato nne zilizotumika kwa shilingi 450,000 kila moja, skana mbili kwa 280,000 kila moja, na hedifoni nne kwa 20,000 kila moja. Jumla ni shilingi 2,440,000. Mwenye kompyuta inayokaa kabatini bila kazi ailete, fundi wetu ataikagua. Asiye na fedha anaweza kutoa saa mbili kwa wiki kusahihisha maandishi yaliyotoka kwenye skana. Kazi hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Kuhusu hakimiliki: Tanzania ilijiunga mwaka 2020 na Mkataba wa Marrakesh, unaotaka nchi wanachama ziruhusu vitabu kunakiliwa kwa ajili ya wasioona. Nakala zetu zitabaki kitengoni, haziuzwi.

Michango inapokewa na mweka hazina wa kamati ya wazazi, kwa risiti. Harambee yenyewe ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nne asubuhi, kwenye bwalo. Wanafunzi watapiga skana na kusikiliza ukurasa wowote utakaowaletea. Njoo na kitabu chako, ila fotokopi iache nyumbani.