Barua ya wazi kwa mnaojiandaa kurudia mtihani wa PMP, cheti cha usimamizi wa miradi

Wanangu,

Nimewaona wengi wenu mkipokea matokeo mabaya na kulipia mtihani mwingine siku hiyohiyo, kisha mkirudi kwenye vitabu vilevile na kusoma kwa namna ileile. Jambo hilo limenichosha. Mwombaji aliyekubaliwa na PMI, taasisi inayotoa cheti hicho, hupewa mwaka mmoja na nafasi tatu za kufanya mtihani. Akizimaliza bila kufaulu, husubiri mwaka mzima tangu mtihani wake wa mwisho ndipo aombe upya. Nafasi ya pili si ya kutuliza hasira.

Ripoti ya matokeo mnaifunga mara tu mnapoona kwamba hamkufaulu, ilhali ndani yake mmeelezwa mlivyofanya katika kila eneo. Muhtasari wa mtihani, yaani maelezo ya PMI ya maeneo yanayopimwa, ule ulioanza kutumika Januari 2021 uliyapa masuala ya watu asilimia 42 ya maswali, mchakato 50, na mazingira ya biashara 8. Kijana mmoja niliyemlea kikazi aliangushwa na eneo la watu, lakini nilimkuta akikariri michakato 49 ya toleo la sita la PMBOK, mwongozo wa PMI wa usimamizi wa miradi. Nilimuuliza msimamizi wa mradi afanye nini kwanza pale wataalamu wake wawili wanapogombana, naye akajibu bila kusita kwamba awapeleke kwa mkubwa, kwa kuwa ndivyo wanavyofanya kazini kwao. Lakini mtihani humtaka msimamizi atafute kiini cha ugomvi na kuzungumza na wahusika kabla ya kulipeleka jambo juu. Simlaumu peke yake. Tumejenga ofisi ambamo mkubwa huamua kila kitu na mdogo hafundishwi kusikiliza, halafu tunadai cheti kwenye kila tangazo la kazi na kumcheka anayekikosa.

Kwa hiyo, kila mnapokosea swali la mazoezi, andikeni kwa maneno yenu ni kwa nini jibu mlilochagua halikufaa, na ni nini kilipaswa kutangulia. Kazi hiyo ni ya polepole, na inawafaa kuliko kujibu maelfu ya maswali kwa pupa. Wanaowauzia maswali wanayodai yameibwa kutoka kwenye mtihani wanawaharibia mara mbili, kwa sababu hamjifunzi kitu, na PMI inaweza kufuta matokeo yenu.

Hakikisheni ni muhtasari upi utakaotumika tarehe ya mtihani wenu. Zisomeni mbinu za ajaili, yaani za kufanya kazi kwa awamu fupi na kurekebisha mpango njiani, kwa uzito uleule mnaozipa mbinu za kupanga kila kitu mapema. Kumbukeni pia kwamba ukishaenda mapumziko, huwezi kurudi kwenye maswali ya sehemu uliyoimaliza.

Nanyi mnaowaficha wenzenu kwamba mlianguka, mtafuteni mtu mmoja mnayemwamini mumwonyeshe ripoti hiyo. Isomeni naye eneo kwa eneo, na msilipie tarehe mpya mpaka muweze kumweleza, bila kitabu, mlipokosea na mnachokifanya sasa kwa namna tofauti.